Mawimbi ya Kuteleza Kwenye Pwani Isiyotabirika: Ushauri kwa Anayeanza

Ukiambiwa pwani fulani haina mawimbi ya kuteleza kwa ubao, usikubali haraka. Mara nyingi mawimbi yapo, ila huja siku chache, kwa saa chache, mahali pamoja au pawili, na aliyekuambia hakuwapo. Mimi nazipenda pwani za namna hii, na jambo ambalo ningetaka kila mgeni alishike mapema ni hili: usiulize ufuo gani ni mzuri. Uliza ufuo huu unataka nini ndipo uwe mzuri. Kila mahali pana masharti yake: mawimbi yatokee upande gani, upepo uvume kutoka wapi, maji yawe yamejaa kiasi gani. Pwani iliyojaliwa huyatimiza masharti hayo kila mara, hata asiyeyajua akafaidi. Pwani yako huyatimiza kwa nadra, kwa hiyo usipoyajua siku ikifika utakuwa kwingine.

Anza na mawimbi yenyewe. Wengi wakifungua utabiri wa mawimbi husoma kimo tu, kisha wakafunga. Mimi husoma kwanza sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi. Wimbi la mita moja linalokuja kila baada ya sekunde 6 limezaliwa na upepo wa karibu. La mita moja hiyohiyo linalokuja kila baada ya sekunde 14 limetoka kwenye dhoruba ya mbali sana. Kwenye maji ya kina kirefu, la kwanza lina kama mita 56 kutoka kilele hadi kilele, na la pili linapita mita 300. Wimbi huanza kuihisi sakafu ya bahari pale kina kinapofika nusu ya urefu huo. Yaani la kwanza kwenye mita 28, la pili kwenye mita 150 hivi. Ndiyo sababu wimbi la sekunde nyingi hupinda mapema kufuata umbo la sakafu, huzunguka rasi, huingia ghuba ambazo ukitazama ramani ungesema haziwezi kufikiwa, na huinuka zaidi linapokaribia kuvunjika. Kimo ni kilekile, lakini utakachokikuta ufuoni ni tofauti kabisa.

Mawimbi hayo ya mbali pia hukupa muda wa kujiandaa. Kundi la mawimbi ya sekunde 14 husafiri karibu kilomita 39 kwa saa, na la sekunde 10 karibu kilomita 28. Dhoruba ikiwa umbali wa kilomita 1,000, ya kwanza yatakufikia baada ya siku moja na kidogo, ya pili baada ya siku moja na nusu. Marefu hutangulia. Mwaka 1963 mwanasayansi Walter Munk na wenzake waliweka vituo vya kupimia kutoka New Zealand hadi Alaska, wakayafuatilia mawimbi yaliyozaliwa kwenye bahari za kusini yakivuka Pasifiki nzima. Kwa hiyo hewa ikiwa shwari kwako, bado angalia kinachoendelea mbali, na usome vipimo vya maboya, yaani vyombo vinavyoelea baharini vikipima mawimbi, kwa sababu boya hupima kilichopo ilhali utabiri hukadiria kijacho.

Kwenye bahari zilizofungwa, kama Mediterania na Baltiki, au Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, mambo hugeuka. Huko wimbi hutengenezwa na upepo wa hapohapo, na sekunde zake ni chache. Upepo ukiwa mkali maji huchafuka na hakuna cha kuteleza. Ukitulia kabisa, mawimbi nayo hufa upesi. Unachokitafuta ni mkia wa dhoruba, zile saa ambazo upepo umepungua au umegeuka ukaanza kutoka nchi kavu, na mawimbi bado hayajaondoka. Mtu wa huko hujifunza kukaa tayari, ubao umeshapakiwa tangu jana yake.

Upepo wenyewe hausamehe. Ukitoka nchi kavu kwa nguvu ya wastani hulisimamisha wimbi na kulilainisha uso. Ukitoka baharini hulivunja ovyo. Siku za jua, nchi kavu ikishapata joto, upepo wa bahari huamka, na ndiyo maana asubuhi mapema huwa na maji safi zaidi. Lakini usikariri asubuhi kana kwamba ni sheria. Pwani yenye kona nyingi ina faida ambayo wageni hawaioni: upepo unaoharibu ufuo mmoja huwa unatoka nchi kavu kwenye ufuo unaotazama upande mwingine. Chukua ramani, andika kila ufuo unatazama wapi, visiwa gani vinauzibia, rasi gani inaukinga. Siku mawimbi ni madogo nenda palipo wazi, kwenye rasi, kwa sababu nguvu hujikusanya hapo na hutawanyika ndani ya ghuba. Siku bahari imechafuka na kuwa kubwa mno, kimbilia nyuma ya rasi.

Sasa nifike kwenye kazi ambayo karibu hakuna anayeifanya, nami naiona bora kuliko zote. Nenda ufuoni siku isiyo na mawimbi, maji yakiwa yamekupwa kabisa wakati wa bamvua, karibu na mwezi mwandamo au mpevu. Tembea. Utaona mwamba unaishia wapi, fungu la mchanga limelala vipi, mfereji unaorudisha maji baharini unapita wapi. Wimbi huvunjika pale kina kinapokaribia mara 1.3 ya kimo chake, kwa hiyo ukishaijua sakafu unaweza kukadiria fungu lile litafanya kazi maji yakiwa wapi. Lile linalovunja vizuri maji yakipwa huweza kupitwa tu maji yakijaa, wimbi likaenda kujipiga ufuoni. Panapojaa na kupwa mara mbili kwa siku, kiasi cha nusu ya maji yote husogea katika saa 2 za katikati, na nyakati husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Mwamba hautabadilika. Mchanga, hasa kwenye milango ya mito, huhama kila dhoruba, hivyo rudia matembezi hayo.

Ukifika siku yenyewe, kaa utazame walau dakika 20 kabla hujasema hakuna kitu. Mawimbi makubwa huja kwa mafungu, kati yake bahari hutulia, na mtu mwenye haraka huondoka wakati wa utulivu. Kumbuka pia kwamba kimo cha utabiri ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi, kwa hiyo yapo yatakayokaribia mara mbili yake. Yaone ukiwa nchi kavu kwanza. Milango ya mito baada ya mvua kubwa iache, maji yake huwa machafu na mikondo yake mikali. Mahali ambapo watu ni wachache usiingie peke yako, hata wimbi likiwa zuri namna gani.

Na uandike: tarehe, sekunde, kimo, upande wa mawimbi, upepo, saa ya maji kujaa na kupwa, na hali uliyoikuta. Andika hata siku ulizokuta bahari bapa, kwa sababu hizo ndizo hukuonyesha sharti lipi halikutimia. Ukiwauliza wavuvi na wanaoteleza hapo tangu zamani, uliza kwa adabu, na walichokuambia wakikuamini usikitangaze.