Fedha za utafiti kwa nesi anayetaka kuchunguza afya ya jamii yetu Uingereza

Dada, umeuliza kama nesi wa wodini asiye na shahada ya uzamivu anaweza kupata fedha za kuchunguza kwa nini akina mama waongeao Kiswahili mjini kwenu hawaendi kupima saratani ya mlango wa kizazi. Anaweza. Mimi ni nesi hapa England, na nimefanya utafiti mdogo wa aina hiyo kwa akina mama wa Kikongo nikiwa bado kwenye rosta ya zamu.

Anza na Tuzo za Mary Seacole, zenye jina la yule mama wa Jamaica aliyehudumia askari vita vya Crimea. Zilianza 1994 kwa ajili ya manesi na wakunga wa England wenye mradi wa kuinua afya ya jamii za walio wachache, na kwa miaka mingi zilikuwa na ngazi mbili: hadi pauni 6,250 na hadi pauni 12,500. Hakikisha kwanza kama dirisha la maombi liko wazi. Ukitaka kusoma mpaka uzamivu, NIHR, taasisi ya taifa ya utafiti wa afya, hufadhili manesi na wakunga, mshahara na ada. Uliza pia mfuko wa hisani wa hospitali yako. Wengi hawaufikirii kabisa.

Sasa swali lenyewe la utafiti. Tafadhali usiandike "afya ya Waafrika". Kwenye fomu za hospitali mama wa Mombasa, wa Bukavu na wa Mogadishu wote wanatiwa kisanduku kimoja. Ripoti ya 2019 ya MBRRACE-UK, mradi unaochunguza vifo vya uzazi Uingereza, ilipoonyesha kuwa wanawake weusi wanakufa kwa uzazi mara 5 zaidi ya wazungu, watu walishtuka kwa sababu namba zilikuwepo. Akina mama zetu hawana namba yao. Wamefunikwa ndani ya kile kisanduku. Hiyo ndiyo hoja yako, iweke aya ya kwanza.

Bajeti nayo usiione haya. Weka fedha za nesi atakayeshika zamu zako, la sivyo utafiti utafanyika usiku ukiwa hoi. Weka mkalimani wa kulipwa, wala usimtegemee binti wa mgonjwa: hakuna mama atakayeeleza habari za uzazi wake mbele ya mwanawe. Na akina mama watakaokaa nawe kupanga maswali walipwe. Mwongozo wa NIHR uliwahi kutaja pauni 25 kwa saa. Anayepokea posho ya serikali apate ushauri kabla ya kupokea, maana malipo hayo yanaweza kugusa posho yake.

Jambo lililonifunza zaidi ni karatasi ya ridhaa, ile mtu anayotia sahihi akikubali kushiriki utafiti. Tulikutana ukumbi wa kanisa baada ya ibada, chai imeshamiminwa, mazungumzo yamenoga. Nilipotoa fomu, ukumbi ukanyamaza. Mama mmoja akaisukuma polepole, akaniuliza, "Hii sahihi inakwenda kwa nani?" Watu waliokaa miaka wakingoja uamuzi wa maombi yao ya ukimbizi wanajua karatasi yenye sahihi inaweza kukufanyia nini. Nilirudi kwa kamati ya maadili kuomba ridhaa ya mdomo, irekodiwe, jina lisitajwe. Wakakubali. Liandike hilo kwenye ombi lako tangu mwanzo, na upange muda wa kutosha wa kuzoeana na watu kabla ya kuuliza lolote. Wafadhili wanaotaka matokeo ya haraka huwa hawapendi kuona miezi hiyo kwenye ratiba. Itetee, kwa sababu bila hiyo akina mama watakupa majibu ya adabu tu.

Barua ya meneja wako iombe mapema, na iseme wazi ni saa ngapi kwa wiki utaachiliwa. "Tunamuunga mkono" peke yake haikupi hata asubuhi moja. Ukishapata swali lako kwa sentensi moja liweke hapa, nitalisoma.