Muulize Fundi: Pikapu yangu imechuchumaa upande mmoja

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Hilux ya 1994, injini ya 3L, kebini moja. Nabeba viazi kutoka vijijini kuleta Makambako. Siku hizi hata ikiwa tupu imelala nyuma kushoto. Fundi wa kwanza kaniambia ninunue springi nyingine pande zote mbili. Wa pili anataka kunichomekea kwenye springi chuma kimoja cha lori la Fuso, anasema ni kazi ya saa moja. Shemeji yangu naye anasema ni shokapu. Nimsikilize nani?
Msomaji, Makambako

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na shemeji, maana jibu lake ni jepesi. Shokapu haibebi mzigo. Kazi yake ni kulituliza gari lisiendelee kudunda baada ya shimo. Fungua zote mbili leo uzitupe kichakani, pikapu itabaki imelala palepale ilipo, ila itarukaruka kama mbuzi. Mwambie taratibu, ni shemeji.

Hao mafundi wawili nina swali moja kwao: nani kati yenu aliingia chini ya gari na brashi ya waya? Maana springi kulala siyo jambo la kwanza la kuogopa. Nimeona springi zilizolala bapa zikabeba mahindi miaka na miaka. Nimeona pia iliyosimama vizuri, upinde wake safi, kumbe chuma kimekatika pale katikati, chini ya yubolti (bolti ya umbo la U inayofunga springi kwenye ekseli), ambapo jicho halifiki.

Kwa hiyo anza kwa kupima, usianze kwa kununua. Gari liwe tupu kabisa, upepo wa matairi uwe sawa, lisimame kwenye sakafu ya saruji siyo kwenye kichuguu. Panda nyuma uruke-ruke kidogo ili springi zikae mahali pake. Chukua tepu, pima kutoka katikati ya gurudumu kupanda juu hadi ukingo wa bodi. Usipime kutoka ardhini, tairi lililoisha litakudanganya. Magurudumu yote manne, uandike. Tofauti ya sentimita moja kati ya kushoto na kulia isikunyime usingizi. Ikifika tatu, kuna neno. Na kushoto kutangulia kuchoka ni kawaida yetu: barabara imeinamia mtaroni, na gurudumu la kushoto ndilo linaloshuka ukingo wa lami kila ukipisha basi. (Land Rover 109 za zamani zilitoka kiwandani springi ya upande wa dereva ikiwa na upinde mkubwa kuliko mwenzake. Ukizibadilishana bila kujua, unalala kichwa kinauma unatafuta ubovu usiokuwepo.)

Baada ya hapo zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, uingie chini. Pikapu iko juu, jeki huihitaji. Mimina mafuta ya taa kidogo kwenye springi, piga brashi mpaka uone chuma chenyewe, kisha futa kwa kitambaa. Angalia sehemu tatu: karibu na yubolti pande zote mbili, karibu na yale masikio ya ncha za springi yanayoingia bushi (zile raba za mviringo), na mahali ncha ya chuma cha chini inapogusa chuma cha juu yake. Unatafuta mstari mwembamba wa rangi ya kutu nyekundu, kama mtu kachora kwa kalamu. Mstari huo ukiufuta ukarudi baada ya siku mbili za mvua, huo ni ufa, unatoa kutu kutoka ndani.

Ukiwa hapohapo, tazama raba ya kugotea iliyo juu ya ekseli. Ikiwa imechanika, au ina alama inayong'aa, springi inaishiwa safari na mzigo unagonga chasisi. Tazama kile kibembea cha nyuma kinachoning'iniza springi: springi ikinyooka inarefuka, kwa hiyo hukisukuma kirudi nyuma. Kikiwa kimelala nyuma gari likiwa tupu, ukipakia hakina pa kwenda. Halafu hesabu vile vibano vinavyofunga vyuma pamoja. Kwenye magari ya viazi mara nyingi havipo, mtu alivikata akasahau. Bila vibano, gari likiruka vyuma vinatawanyika na chuma cha juu kinabaki kubeba shida peke yake.

Mwisho, pima kutoka bolti ya mbele ya springi hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia. Vipimo visipolingana, senta bolti, ile inayoshika vyuma pamoja katikati, imekatika na ekseli imehama. Gari la namna hiyo ukilifuata kwa nyuma unaliona linatembea upande kama kaa.

Sasa huyo wa chuma cha Fuso. Ugumu wa chuma haupandi sawa na unene wake. Kutoka milimita 7 kwenda 10, upana uleule, ugumu unaongezeka karibu mara tatu. Kile cha Fuso kitabeba, vya Hilux vitakaa juu yake kama abiria, na teke ambalo springi ilikuwa inalimeza litakwenda kwenye chasisi, pale springi inapofungwa. Mwaka ujao utaniandikia kuhusu nyufa za chasisi. Tena kama bado una ile vali ya breki za nyuma, yenye kijiti kilichofungwa kwenye ekseli, nyuma ikiinuliwa vali inadhani gari ni tupu na inazipunguzia breki nguvu. Wewe una gunia kumi za lumbesa, yenyewe inadhani unakwenda harusini.

Na mtu asikuchomelee chuma kilichokatika. Nikiwa kijana wa kushika spana Iringa, tulipewa Peugeot 504 pikapu yenye chuma cha juu kilichochomelewa vizuri mno, hata rangi kimepakwa. Kilikatika kwenye mlima Kitonga, sentimita mbili kutoka kwenye chomeleo, ekseli ikahama upande mmoja na gari likageuka lenyewe kuelekea ukuta wa mlima. Bahati tulikuwa tunapanda, siyo kushuka. Ndiyo maana bado nipo naandika safu hii.

Basi uamuzi wako uko hivi. Ukikuta ufa au chuma kilichokatika, fundi wa kwanza ana haki: badilisha pande zote mbili, yubolti mpya na bushi mpya. Ukinunua za mtumba, chukua jozi iliyotoka gari moja, vuta uzi kutoka sikio hadi sikio, pima katikati upinde unashuka kiasi gani. Zote mbili zilingane. Bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, siyo likiwa juu ya jeki. Yubolti zirudiwe kukazwa baada ya safari mbili tatu za mzigo.

Usipokuta ufa, na upinde bado upo, badilisha bushi, rudisha vibano, na punguza gunia mbili. Najua hiyo ya mwisho hutaifanya.

Nitumie vile vipimo vinne na picha ya yubolti ya kushoto. Ila ukiuona ule mstari mwekundu, usisubiri jibu langu, na usipakie.