Picha haionyeshi udongo uliofunikwa

Swali: Mhariri amenirudishia makala yenye sentensi hii: "Picha za satelaiti zinaonyesha udongo wa mfinyanzi chini ya msitu." Anataka niandike setilaiti. Je, yuko sahihi?

Jibu: Mfuate. Setilaiti imezoeleka katika maandishi, ingawa satelaiti nayo inaeleweka, na kwa irabu mbili sigombani na mtu. Asili yake ni neno la Kilatini la mlinzi anayeandamana na bwana wake, nasi tumelipata kupitia Kiingereza.

Kinachonikera ni kitenzi ambacho mhariri wako amekipita bila kukigusa: zinaonyesha. Kila kukicha utafiti unaonyesha, takwimu zinaonyesha, dalili zinaonyesha, na sasa picha zinaonyesha udongo ambao hakuna chombo kilichouona! Onyesha inatokana na ona. Ukimwonyesha mtu kitu, unamfanya akione. Hebu tuulize basi, katika picha hiyo ya msitu ameona nini?

Ameona majani. Setilaiti ya Sentinel-2 hupokea mwanga katika kanda 13 za mawimbi, lakini msitu ukishafunga, mwanga unaoirudia umetoka kwenye majani: yamefyonza sehemu kubwa ya mwekundu na kurudisha kwa wingi miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, iliyo jirani nao. Udongo haujasema neno. Utaniambia kuna rada. Ipo, lakini mawimbi ya setilaiti ya rada ya Sentinel-1, yenye urefu wa sentimita 5.6 hivi, hutawanywa na majani na vitawi. Yale ya sentimita 24 hupenya zaidi, na hata hayo yakiufikia udongo hubeba hasa habari za unyevu na mparuzo wa uso wake. Setilaiti ya SMAP, iliyorushwa 2015, hupima unyevu wa sentimita 5 za juu. Kutoka hapo hadi kutamka "mfinyanzi" ni safari ndefu.

Safari hiyo huenda kwa miguu. Watu huchimba mashimo sehemu chache, hupeleka sampuli maabara, kisha huzilinganisha na picha za misimu mingi, mwinuko wa ardhi, mvua na aina ya mimea. Programu hujifunza uhusiano huo na kujaza mahali ambapo hakuna aliyechimba. Kazi hiyo ina kitenzi chake, kukadiria. Ukiandika onyesha, umemfuta mchimbaji, umefuta maabara, na umempa msomaji uhakika ambao mtaalamu mwenyewe hakuutoa. Mkulima akiisoma sentensi yako anaweza kufyeka pori akidhani kilichoko chini kimeshaonekana.

Ashiria nakubali, pale mimea yenyewe inapokuwa dalili: majani yanayonyauka mapema kuliko ya jirani huweza kuashiria udongo usioshika maji. Kisia ni dhaifu mno kwa kazi yenye vipimo. Na onyesha sijaifukuza. Shamba likishalimwa, kabla halijaota kitu, picha inaonyesha udongo, rangi yake na yote. Hapo andika bila wasiwasi.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Kwa kutumia picha za setilaiti na sampuli za udongo, wataalamu wamekadiria kuwa chini ya msitu huu kuna udongo wa mfinyanzi." Imerefuka, najua. Mhariri akilalamikia urefu, mwambie akate kwingine.