Nilitarajia askari 200, wamebaki 600

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kwenye mchezo wa vita wa kompyuta nilipeleka askari 1,000 dhidi ya 800. Silaha zilezile, uwanja tambarare. Nilitarajia kubaki na 200, wakabaki kama 600. Mchezo ni mbovu au hesabu ndiyo inanipiga chenga? Naomba unitoe tongotongo.

JIBU: Marahaba. Mchezo ni mzima. Wewe umehesabu kana kwamba kila askari alishikana na wake, wakauana. Hiyo hufaa kwa mapanga, kwenye njia nyembamba. Kwa bunduki, watu wako kadhaa humlenga adui mmoja. Akianguka, wanamgeukia mwingine. Kila adui anayekufa hupunguza risasi zinazokujia, na pengo linazidi kupanuka.

Mhandisi Mwingereza, Frederick Lanchester, aliyaandika haya mwaka 1914: kasi ya upande mmoja kupungua hutegemea idadi ya upande wa pili. Ukiikokotoa milinganyo yake, unachotoa ni vipeo vya pili vya idadi. 1,000 mara 1,000 ni 1,000,000. 800 mara 800 ni 640,000. Tofauti ni 360,000, na kipeuo chake cha pili ni 600. Hao ndio askari wako.

Utamu uko hapa: adui agawanyike, 400 waje kwanza, wakiisha ndipo waje 400 wengine. Utabaki na karibu 917, kisha 825. Adui ni walewale 800, lakini umepoteza 175 tu badala ya 400. Na aliyezidiwa idadi mara mbili anahitaji ufanisi wa silaha mara nne ili watoke sare.

Mwaka 1954, mtafiti J. H. Engel aliipima milinganyo hii kwa mapigano ya 1945 kati ya Wamarekani na Wajapani kwenye kisiwa cha Iwo Jima, Japani, na mchoro wake ukafuatana vizuri na kupungua kwa Wamarekani siku hadi siku. Mimi hainitoshi. Viwango vya mauaji alivyotumia vilitokana na mapigano hayohayo. Nguo uliyoshonewa mwilini haikosi kukukaa. Tena watu halisi hukimbia na kusalimu amri, jambo ambalo milinganyo hii hailijui.

Mchezo wako ukiruhusu, jaribu pande zote mbili zipige mizinga bila kuonana, kila upande ukimimina makombora eneo zima. Hapo adui wakipungua, makombora yako mengi yataangukia patupu, na ile 200 yako itatokea.