Ukienda kisima cha Mtakatifu Winefride, ingia majini

Tangu nilipompeleka shangazi yangu Holywell, mji mdogo wa kaskazini mwa Wales wenye kisima hiki, jamaa wengi wa huku Uingereza wananiuliza safari ile ilikuwaje. Jibu langu la kwanza ni hilo hapo juu. Watu hufika kisimani, wakapiga picha ya chemchemi yenye umbo la nyota, wakawasha mshumaa, wakaondoka. Mshumaa ni jambo jema, ila mila ya pale ni ya mwili mzima.

Masimulizi yanasema kwamba katika karne ya 7 Caradog, mtoto wa mtawala, alimkata kichwa binti Winefride kwa sababu alimkataa. Kichwa kilipoangukia, maji yakabubujika. Mjomba wa binti, Mtakatifu Beuno, akakirudisha mahali pake, akasali, na binti akafufuka. Inasimuliwa pia kwamba Beuno aliahidi: atakayeomba pale mara tatu kwa jina la Winefride atasikilizwa. Ndiyo maana mahujaji hupita mara tatu kwenye birika dogo wakisali rozari, kisha humalizia sala zao katika bwawa la nje, wamepiga magoti juu ya jiwe la Beuno lililo chini ya maji.

Maji ni ya baridi kweli, hata kiangazi. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha amuulize daktari kabla ya safari. Kuoga kuna saa zake, kwa hiyo ulizia mapema. Beba nguo ya kuogelea, fulana ndefu ya kuvaa juu yake, taulo mbili na chupa ya chai ya tangawizi. Ngazi zinateleza, mgonjwa asishuke peke yake. Shangazi ana magoti mabovu. Alipofika kwenye lile jiwe, mama mmoja tusiyemjua alimshika kiwiko, akakaa naye majini mpaka Salamu Maria ya mwisho. Ndani ya jengo, lililojengwa yapata miaka 500 iliyopita, tafuta sanamu ndogo ya mtu aliyembeba mwenzake mgongoni. Mimi niliiangalia kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: maji ya leo si yale ya kale. Januari 1917 handaki la kutoa maji kwenye migodi ya madini ya risasi lilikata mkondo, kisima kikakauka. Mwaka huohuo yakaletwa maji kutoka chanzo kingine cha chini ya ardhi, na mahujaji wakaendelea kuja, kama walivyofanya hata zama ambazo serikali iliipiga vita imani yao ya Kikatoliki. Hija ya pale inatajwa tangu mwaka 1115. Basi usihangaike na madumu ya kubebea maji nyumbani. Chupa ndogo inatosha, na nguvu usiitafute kwenye kiasi cha maji.

Kwenye makumbusho ya pale kisimani kuna magongo yaliyoachwa na watu waliosema wamepona. Ninawaamini. Hata hivyo shangazi hajaacha dawa wala mazoezi ya kliniki, na ukimpeleka mgonjwa wako, usikubali aziache zake. Aliniambia alipata usingizi mzuri na moyo mwepesi. Hakudai zaidi ya hapo, nami sidai kwa niaba yake.

Kama miguu inaruhusu, teremka bonde la Greenfield. Maji ya kisima hiki yaliendesha viwanda vya shaba vilivyotengeneza bidhaa za kununulia watumwa Afrika Magharibi. Mwafrika akisali pale, awaombee na hao.

Kituo cha treni cha karibu ni Flint. Kutoka hapo panda basi. Kisima kiko bondeni na kurudi mjini ni mlima, kwa hiyo mwenye magoti mabovu mtafutie teksi. Sikukuu ni 22 Juni na 3 Novemba. Kwa mgonjwa ningechagua Juni, maana akitoka majini atakuta walau jua.