Ukienda kuona makanisa ya mbao ya Maramureș, fika Jumamosi ulale hapo

Wiki iliyopita dada mmoja wa kwetu anayeishi Austria aliniandikia kwa uchungu. Aliomba ruhusa kazini, akasafiri mpaka Maramureș, kaskazini mwa Romania, akafika kijiji cha Poienile Izei katikati ya wiki na kukuta kanisa limetiwa kufuli. Akalizunguka, akapiga picha za paa, akaondoka. Barua yake iliishia hivi: "Nimemaliza pesa zangu kuangalia mbao."

Nilimjibu usiku uleule, na jibu likawa refu. Naliweka hapa kwa sababu najua wengi wenu mnaosoma mnatamani safari hiyohiyo.

Nianze na hizo mbao, kwa maana neno hilo liliniuma. Nilipowaambia wenzangu wa chama kwamba likizo yangu naipeleka milimani Romania kuona makanisa ya mbao, walicheka. "Kanisa la mbao si hata kwenu yapo?" Yalikuwepo. Mimi ni Mwothodoksi wa kuzaliwa, kutoka Kiambu. Wazee wetu walipokelewa na Patriarki wa Aleksandria, mkuu wa Waothodoksi wa Afrika, mwaka 1946, na kanisa nililobatiziwa lilikuwa la mbao na mabati, walilojijengea kwa mikono yao. Parokia ilipopata uwezo wa kujenga la mawe, lile la zamani likabomolewa. Mbao nyingine ziliishia jikoni, nyingine zikawa zizi la ng'ombe. Nilikuwa msichana mdogo, hakuna aliyeniuliza. Habari ile ikitajwa nyumbani mpaka leo mimi hunyamaza.

Kwa hiyo sikwenda Maramureș kutalii tu. Nilitaka kuona watu ambao hawakubomoa.

Mababu wa kule walijenga kwa mbao kwa kulazimika. Watawala Wakatoliki waliwakataza Waothodoksi kujenga makanisa ya mawe, basi wakaugeukia msitu. Walilaza magogo ya mwaloni na misonobari moja juu ya jingine, wakayachonga ncha yaumane kwenye pembe, wakaezeka kwa vigae vyembamba vya mbao, wakasimamisha mnara mrefu wenye ncha kali. Kule Șurdești, kanisa ambalo leo ni la Wakatoliki wa Kigiriki, yaani wanaomtii Papa lakini wanasali kwa ibada kama ya Waothodoksi, mnara peke yake una mita 54. Mwaka 1999 UNESCO iliyaingiza makanisa 8 ya eneo hilo katika orodha ya urithi wa dunia. Nendeni mkawaambie wanaocheka mbao.

Sasa, la kufuli. Vijiji vingi vya kule vimejenga kanisa jipya, kubwa, la matofali, na ibada ya Jumapili husaliwa humo. La zamani limesimama pembeni, limetunzwa, na ufunguo uko kwa padre au kwa jirani. Ukifika Jumatano saa nane mchana, padre ana shughuli zake na jirani yuko shambani anakata nyasi za mifugo. Atakufungulia nani? Mimi nilifika Poienile Izei Jumamosi jioni na kulala kwa mama mmoja anayepangisha vyumba. Asubuhi alinitazama nguo, akanifunga leso yake kichwani, tukaenda kanisani pamoja.

Lugha yao siijui, lakini Liturujia naijua tangu tumboni. Padre alipotoka na vipaji vitakatifu, mkate na divai, niliinamisha kichwa pamoja nao. Nilipofanya ishara ya msalaba, bega la kulia kwanza, niliona mabibi waliokuwa karibu nami wakigusana viwiko. Baada ya ibada mama mwenyeji wangu alinishika mkono hadi kwa padre, akamwambia huyu ni Mwothodoksi kutoka Afrika. Padre mwenyewe ndiye aliyetufungulia kanisa la zamani. Mle ndani ya kanisa hilo, lililojengwa mwaka 1604, aliniomba nisali Baba Yetu kwa lugha yangu. Nikasali kwa Kiswahili, kwa sauti, na wale mabibi wakaitikia amina. Sijui kama nitawahi kuheshimiwa tena namna ile ugenini.

Michoro yake ni ya mwaka 1794, na jehanamu yake haifichi kitu: kila dhambi ina adhabu yake, mashetani wako kazini, na maandishi ni ya Kisirili, herufi kama za Kirusi, kwa sababu Kiromania wakati ule kiliandikwa hivyo. Picha zilijieleza zenyewe, hakukuwa na haja ya kila mtu kujua kusoma.

Lakini lililonishika zaidi ni kanisa la kijiji cha Desești, la mwaka 1770. Mchoraji Radu Munteanu alizichora kuta zake mwaka 1780. Desturi ya zamani ilikuwa wanawake wasimame chumba cha mbele, wanaume waingie ndani zaidi kuelekea ukuta wa ikoni. Humo chumba cha wanawake ndimo ilimochorwa Hukumu ya Mwisho, na mataifa yamepangwa makundi makundi, Waturuki, Watatari, Wajerumani, yakingoja zamu yao. Nilisimama hapo muda mrefu. Niliwaza wanawake waliosimama mahali pale Jumapili baada ya Jumapili, watoto mgongoni, wakitazamana na hukumu hiyo. Ukiingia dakika tano upige picha utoke, hutalipata hilo. Huwezi.

Ndugu zangu, tunakimbia mno. Tunasafiri mbali, tunashindana idadi ya picha, halafu tunalalamika kwamba mahali palikuwa kimya. Nyumba ya ibada huingiwa kwa watu wake. Lala kijijini. Salimu wazee. Ingia ibadani hata kama si imani yako, simama nyuma, funika kichwa kama u mwanamke, vua kofia kama u mwanamume, kisha omba kufunguliwa. Washa mishumaa nje, ya walio hai mahali pake na ya marehemu mahali pake. Weka kitu kwenye sanduku la sadaka, maana vigae vile vya mbao huoza na kubadilishwa. Usitumie mwanga wa kamera kwenye michoro. Na narudia: lala kijijini.

Angalizo la kijiji cha Bârsana. Wengi huishia kwenye monasteri yenye bustani za maua na mnara mrefu, wakarudi wakisema wameona kanisa la kale. Monasteri ile imejengwa kuanzia miaka ya 1990. Ni nzuri, mkaione, ila kanisa la UNESCO liko pengine, mlimani, ni la mwaka 1720, na michoro yake ni ya Toader Hodor, ya mwaka 1806.

Wala usijaribu yote 8 kwa siku moja. Șurdești, Plopiș na Rogoz yako upande wa kusini wa milima ya Gutâi, karibu na Baia Mare. Mengine yako ng'ambo ya pili, upande wa Sighetu Marmației. Jumapili magari ya abiria ni machache, kwa hiyo panga kuondoka Jumatatu.

Dada wa Austria, usikate tamaa. Makanisa ya Poienile Izei na Desești yote mawili yamewekwa chini ya Mtakatifu Paraskeva, na sikukuu yake ni tarehe 14 Oktoba. Fika tarehe 13. Beba leso na koti zito, milimani kuna baridi wakati huo. Ukimpata mama mwenye chumba, mwambie mapema kwamba unataka kwenda naye kanisani.