Mkikaa kumkumbuka mhubiri wetu wa moto, aliyeumia aanze

Wengi tuliolelewa kwenye makanisa ya kilokole mkoani Kigoma miaka ya tisini tuna mhubiri mmoja ambaye hatutamsahau. Wa Mwanga ana wake, wa Gungu ana wake, wa Kasulu naye ana wake. Koti zito kwenye joto la mchana, leso mkononi, sauti iliyokwaruzika kwa mifungo, na jenereta likinguruma nyuma ya jukwaa. Likizimika, alihubiri hivyo hivyo bila spika, na waliosimama mwisho kabisa walimsikia. Wengi wetu tulishatoka. Kuna waliohamia madhehebu mengine, kuna wasiosali popote. Lakini tukikutana msibani au harusini, lazima atatajwa.

Naandika kwa ajili ya mazungumzo hayo, maana nimeyaona yakiponya na nimeyaona yakitonesha.

Mara nyingi yanaanza kwa kicheko. Mmoja anaigiza ile sauti: “Kuna kijana hapa, usiku wa leo mauti inapita na jina lako!” Watu wanacheka hadi machozi. Ukiangalia vizuri, kuna mmoja hacheki. Kwetu sisi alikuwa dada mmoja aliyeimba soprano kwaya ya vijana. Alipopata ujauzito akiwa bado mwanafunzi, alisimamishwa mbele ya kanisa zima Jumapili ya Meza ya Bwana, dhambi yake ikatajwa kwenye kipaza sauti, akatengwa. Kijana aliyempa mimba alikuwa amekaa na wapiga vyombo. Alibaki na gitaa lake. Kwa miaka mingi dada huyu alikuja kwenye mikusanyiko yetu, akasikiliza vichekesho, akaaga mapema. Hadi siku mwenzetu mmoja alipomwambia, “Dada, leo tuanzie kwako.” Aliongea hadi chai ikapoa, na hakuna aliyemkatiza.

Ndiyo maana nasisitiza: aliyeumia aanze. Mwenye kumbukumbu tamu akitangulia, mwenye jeraha ataonekana amekuja kuharibu stori, naye atanyamaza tena. Msimwambie “samehe tu, mpendwa”. Hilo alishaambiwa na wazee wa kanisa wiki ile ile alipotengwa. Mwulizeni alikuwa na nani siku ile alipofika nyumbani, nani alimsalimia njiani, nani alivuka barabara asikutane naye.

Kisha mpeni nafasi na yule mwenye shukrani. Tunaye kaka ambaye baba yake alikuwa mlevi wa gongo, aliuza hadi masufuria ya mama. Mzee yule alisikia mahubiri ya mhubiri huyu huyu, akaongozwa sala ya toba, akarudi nyumbani akiwa mtu mwingine, na ada ya shule ikaanza kulipwa. Kumwambia kaka huyu kwamba yote yalikuwa uongo ni kumnyang’anya baba yake. Mtu mmoja aliokoa nyumba ile na akaivunja hii. Mimi sioni haja ya kuchagua moja, na nimechoka na watu wanaotulazimisha kuchagua.

Kilichonisaidia kuyapima yale tuliyopitia ni historia ya Uamsho wenyewe. Ule wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 ukasambaa hadi Uganda, Burundi na huku kwetu Tanganyika, ulikuwa na kuungama hadharani pia. Lakini wanaoungama walikuwa pande zote. Mmoja wa waanzilishi wake, daktari mmisionari Joe Church, alikutana na Simeoni Nsibambi wa Uganda mwaka 1929, wakasoma Biblia na kuomba pamoja kama ndugu. Baadaye wamisionari walisimama mbele ya Waafrika wakaomba radhi kwa kiburi chao. Hayo yalifanyika enzi za ukoloni! Sasa jiulize: mhubiri wako uliwahi kumsikia akiungama chochote? Wetu, sisi ndio tulioungama siku zote. Yeye alishika maiki. Kwa swali hilo moja nilielewa kilichonikera tangu utotoni nikashindwa kukitaja.

Hofu ni jambo la peke yake, na hapa nataka nieleweke. Nikiwa darasa la nne nilirudi nyumbani kutoka shuleni nikakuta mlango wazi, sufuria jikoni, mama hayupo. Nikajua unyakuo, yaani Yesu kuja kuwachukua walio wake, umepita na mimi nimeachwa. Nililia hadi jirani akaja. Mama alikuwa ameenda Kibirizi kununua dagaa. Karibu kila mwenzangu ana kisa kama hicho, na wapo watu wazima wenye watoto ambao hadi leo nyumba ikiwa kimya ghafla mapigo ya moyo yanabadilika. Si udhaifu, wala si dalili kwamba Mungu anakuita urudi. Kumbuka tulivyofundishwa yale mambo: mtoto amefunga kutwa, yuko kwenye mkesha, amekosa usingizi, mapambio yamepigwa saa nzima bila kukoma, na ndipo saa nane usiku anaelezwa ziwa la moto. Mwili uliochoka hivyo hupokea kila kitu na kukishika. Kama hofu hiyo inakunyima usingizi, nenda hospitali ueleze kama unavyoeleza ugonjwa mwingine wowote. Kwa walio mjini hapa, anzia Maweni. Na kama una dawa za kila siku ulizoacha kwa sababu uliambiwa umeponywa, hiyo isisubiri mkusanyiko wala makala. Rudi kliniki kesho asubuhi.

Linabaki suala la wazazi, ambao wengi wao bado wanasali pale pale. Usimwendee mama ukiwa na ndugu zako wote kama mnaofungua kesi. Nenda peke yako, mkiwa na kazi ya mikono, kuchambua mchele au kuparua migebuka, umweleze tukio moja tu. Usilishambulie kanisa lake, maana ndiko atakakozikwa na anajua nani atambebea jeneza. Mimi nilimweleza mama siku ile ya dagaa. Akaniambia naye alikuwa akiamka usiku kutupapasa vitandani, kuhakikisha bado tupo.

Akikuomba umsindikize kwenye mkutano wa injili, mpeleke. Mwambie mapema kwamba utamfikisha getini na utamfuata ukiisha, ila hutaingia. Atasikitika kidogo. Mwulize tu unaisha saa ngapi.